Mkwe Chini ya Pijo

Waliosema haraka haina baraka hawakupata kukaa Garsen mwezi wa Novemba, mwaka ule wa mvua za Elnino. Bi Loisi alikuwa amekaa barazani kwa bintiye tangu chai ya asubuhi, na hilo neno "amekaa" ni la kumpa heshima tu, maana makalio yake na mkeka havikuwahi hata kuulizana hali. Alikaa, akainuka. Akafunga leso upya. Akaenda hadi mwisho wa ua akachungulia upande wa mto, kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda. Akarudi, akakaa, akaona sisimizi wanapanda ukuta mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na yai lake kinywani. Akainuka tena.

"Sisimizi hawana gari na wameshahama," akasema kwa sauti. "Sisi tuna gari, tumekaa."

Alisema ili asikike, lakini hakumsemesha mtu. Hapo ndipo ilipokuwa shida yake.

Katikati ya ua palikuwa na gari lenyewe, Pijo, ile ndefu yenye viti vya safu tatu, ambayo Wafaransa waliitengeneza kwa ajili ya mtu mwenye watoto wengi kuliko akili. Ilikuwa imeinuliwa matako juu, ekseli ya nyuma imelala kwenye magogo, magurudumu mawili yametolewa yakaegemezwa ukutani. Chini yake ilichomoza miguu miwili ya kiume iliyopakwa grisi hadi magotini. Miguu hiyo ilikuwa ya Zadock, mume wa Teresia, na Teresia ndiye binti wa Bi Loisi. Basi ile ilikuwa miguu ya mkwe, na miguu ya mkwe haisemeshwi hovyo.

Zadock alikuwa karani wa stoo kule Bura, kwenye mashamba ya kumwagilia maji. Kazi ilipokufa alilinunua gari lile mnadani, na tangu siku hiyo hakuna fundi aliyeruhusiwa kulitia mkono. "Gari ya Mfaransa ni kama mke," alipenda kusema akiwa mbali na mkewe, "haitaki mtu wa nje." Alilifungua mwenyewe, akalifunga mwenyewe, na kila alipolifunga zilibaki nati mbili tatu ambazo hazikutaka kurudi kwao. Hizo alizitia kwenye kopo la siagi. Alisema Wafaransa ni watu wakarimu, huweka za ziada. Gari lilitembea, kopo nalo likazidi kujaa, na Bi Loisi aliona siku moja gari lote litahamia koponi, Zadock abaki amekalia usukani hewani.

Safari hii ugonjwa ulikuwa wa breki. Zadock aliishiwa na mafuta ya breki njiani, akatia mafuta ya simsim ya mkewe. Mafuta ni mafuta, alisema. Raba za ndani ya breki zikavimba kama maandazi, na siku ya tatu Pijo ikapita nyumbani kwake ikaenda kusimama kwenye kibanda cha muuza mkaa. Sasa alikuwa amepata raba mpya kwa lori la mwisho kutoka Malindi, na chupa moja ya mafuta ya breki ya kweli. Alikuwa chini huko tangu alfajiri.

Na angekuwa ametoka zamani, akanywa hata chai, lau si adabu. Kwa watu wa mto, mama na mkwe wake huheshimiana mpaka inachosha. Hawapeani mkono. Hawali chombo kimoja. Hawatajani majina. Mkwe akikusemesha, mwanamke uliyelelewa ukaleleka hukunja miguu haraka chini ya leso na kutazama pembeni. Mazungumzo huenda kwa mtu wa tatu, akayapokea huku na kuyatua kule. Mtu huyo alikuwa Teresia, naye alikuwa ameondoka na watoto kwenda Minjila, kwenye mwinuko, kutafuta mahali pa kulala. Zadock alidhani mama mkwe ameondoka nao. Akavua shati. Akajifunga kikoi chake cha zamani, ambacho nyuma kilikuwa na dirisha. Aliposikia mtu anakohoa barazani akajua ni nani, akavuta kichwa ndani kama kobe, akabaki.

Hivyo ndivyo walivyokuwa, mmoja hawezi kutoka, mwingine hawezi kutulia, Galgalo alipopita na ng'ombe wake.

Galgalo alikuwa Muorma wa mbuga za ng'ambo, jamaa mrefu mwenye fimbo begani, ambaye miaka yote aliwauzia maziwa. Ng'ombe walikuwa na matope hadi tumboni, wanalia, hawataki kusimama.

"Mama, wewe bado iko hapa?" akasema kutoka njiani. "Maji inakuja. Mimi nahamisha watoto wangu hawa."

"Umetoka upande gani, Galgalo?"

"Kijiji ya Hewani. Barabara bado iko, lakini jioni hakuna. Dada yako nimeona."

Bi Loisi akashika fito za ua. "Tamar? Yuko wapi?"

"Iko mwisho wa tuta, pale barabara inaingia kwa maji. Amekalia kinu, katikati ya njia. Watu wote wamepanda lori, yeye anakataa. Mimi nikamwambia, mama, panda punda wangu. Akasema, 'Sitoki na punda wala mwenye punda, mpaka mdogo wangu anifuate.'"

"Na maji yako wapi?"

"Inamnusa miguu." Galgalo akatazama Pijo ilivyoinua matako, akatikisa kichwa. "Ng'ombe yangu hata mgonjwa iko na miguu minne. Hii yenu iko na mbili."

"Ingia basi utusaidie!"

"Mama, hawa hawangoji," akasema, na kweli ng'ombe walikuwa wameshapita. Akawakimbilia.

Bi Loisi akabaki ameshika fito. Tamar alikuwa dada yake mkubwa, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona watu kama nguo zilizoanikwa. Hakuamini mkono wa mtu asiyemjua. Tena kulikuwa na neno lao la siri, la gharika ya mwaka wa sitini na moja. Mwaka ule Bi Loisi alikuwa mzazi mchanga, hoi kwa homa, na watu wakasema hachukuliki. Tamar akaja peke yake na mtumbwi, akamchukua. Wakaapizana siku ile: atakayezingirwa, mwenzake atamfuata mwenyewe, asitume mtu. Na Tamar, ukimjua, angekalia kinu kile mpaka samaki wamkalie yeye.

Njia ya Hewani nayo ilikuwa tuta jembamba lililoinuliwa kwa udongo, maji huku na maji huku, na mwisho wake linashuka. Gari lisilo na breki halisimami pale. Linabatizwa. Na kabla ya kubatizwa litamkuta Tamar njiani.

Akazunguka ua. Akazunguka tena. Kisha akasimama mbele ya Pijo, akazitazama taa zake mbili kama mtu anavyotazama uso wa mwenziwe.

"Pijo," akasema, "hujambo?"

Chini, spana ilianguka. Halafu sauti ikatoka, nyembamba: "Pijo, mwambie mama sijambo. Shikamoo yake."

"Pijo, mwambie huyo aliye chini yako marahaba. Mwulize amesikia aliyosema Galgalo?"

"Pijo, mwambie mama nimesikia yote."

"Kumebaki nini?"

"Pijo, mwambie mama, raba zimeingia. Kumebaki kutoa upepo. Mafuta yakikatika, upepo huingia kwenye mabomba, na breki yenye upepo ni kama kukanyaga mto wa kulalia. Lakini ni kazi ya watu wawili. Mmoja akanyage pedali pale juu, mwingine awe chini afungue na kufunga... kile... kile kidude."

Mafundi wana jina la kidude hicho, nalo ni jina la kitu anachonyonya mtoto. Zadock asingeweza kulitaja mbele ya mama mkwe hata kama gari lingemwangukia.

"Na huyo wa kukanyaga yuko wapi?"

"Namngoja Teresia, mama. Samahani! Pijo, mwambie mama namngoja Teresia."

"Teresia atarudi akiogelea," akasema Bi Loisi, akafungua mlango wa dereva, akapanda.

Alikuwa hajawahi kukaa kiti kile maishani. Kilinuka petroli na samaki. Akashika usukani kwanza, kwa sababu mtu akipanda kiti cha mfalme hushika fimbo. Kisha akavua ndara, akatafuta pedali kwa kidole gumba.

"Pijo, mwambie aliye chini kuna pedali tatu huku. Nimekanyaga."

"Pijo, mwambie mama hiyo ni ya klachi. Ya katikati."

Zadock akaeleza, kupitia Pijo, na ikachukua muda, maana kila neno lilivaa kanzu. Pedali ikandamizwe hadi chini. Mguu ukiwa chini vile vile, yeye afungue kidude, mafuta yatoke na upepo. Afunge. Ndipo mguu uinuke. Ukiinuka kabla hajafunga, gari litavuta pumzi, upepo urudi ndani, kazi iwe bure.

"Hiyo hata kuku ataweza," akasema Bi Loisi, akakanyaga.

"Pijo," ikaja sauti kutoka chini, "mwambie mama, nikimwomba radhi sana, na kama mguu wake hauumi, asi..."

Fyuuu, likasema gari.

"...asiinue," Zadock akamalizia, kwa sauti ya mtu anayesoma jina kaburini.

Wakaanza tena. Bi Loisi akakanyaga kwa nguvu zake zote, akauma meno. Chini Zadock akafungua. "Pijo, mwambie mama ahsante, na aendelee vivyo hi..." Fyuuu. Mara nyingine. "Pijo, mwambie mama..." Fyuuu. 

Mkono mweusi kwa grisi ukachomoza kutoka chini ukiwa umeshika chupa, uso wenyewe hauonekani. Kopo la mafuta ya breki liko mbele, chini ya boneti, na mwenye mkono hakuweza kulifikia bila kuonyesha dirisha lake. Bi Loisi akashuka, akaichukua chupa kwa ncha ya leso ili vidole visikutane, akajaza pale alipoelekezwa. Alipoinua chupa kwenye mwanga aliona imepungua mno. Upepo ulileta harufu ya maji ya matope, na mahali fulani karibu watu walikuwa wakigongomea misumari. Mlio wa nyundo ulimwingia kwenye meno. Akarudi kitini mbio.

"Pijo," akasema, "wewe ni gari au ni pumu?"

"Pijo," akajibu Zadock, naye sauti ilikuwa imeanza kukauka, "sijui kosa liko wapi. Kila nikitaka kufunga, naona umevuta."

Bi Loisi akakanyaga, safari hii akiutazama mguu wake mwenyewe, kama askari anavyomtazama mshukiwa. Mguu ukashuka. Ukatulia. Chini ikaja sauti: "Pijo, mwambie mama..." na pale pale, mbele ya macho yake, bila kuulizwa wala kuagizwa, mguu ukaruka kutoka kwenye pedali, ukajikunja chini ya kiti, ukakutana na mwenziwe, na mikono yake ikavuta leso ikaufunika. Fyuuu.

Akakodoa macho.

Mkwe anasema, miguu inakunjwa. Ilikuwa imefundishwa hivyo tangu Teresia aolewe, na kabla ya hapo ilimwona mama yake akifanya hivyo, na bibi yake. Miguu ile ilikuwa na adabu kuliko akili. Haikumuuliza mwenyewe. Na huku juu ya adabu hiyo nzuri, Tamar amekalia kinu.

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyemkuta mwizi na ni yeye. Halafu hakucheka.

"Nyamaza basi usiseme kitu," akaliambia gari. "Nitakanyaga tu."

Wakajaribu kimya kimya. Lakini bila neno hakujua lini aachie, wala Zadock hakujua lini amekanyaga, wakapishana kama watu wawili mlangoni. Mafuta mengine yakaenda mchangani.

Bi Loisi akaegemea kiti. Kidole chake kiligonga usukani, tak tak tak, hakikutaka kukoma.

"Pijo, mwulize aliye chini. Kule Bura, alikuwa na tanboi, utingo wa lori?"

"...Nilikuwa naye, Pijo. Tulipokuwa tukipeleka mbegu kwa lori."

"Jina lake?"

"Jatani."

"Alikuwa hodari?"

"Hodari?" Sauti ikapata damu kidogo. "Pijo, Jatani alilala akisimama! Alilala akila!"

"Na wewe ulimwitaje?"

Kuku akapita ua mzima akatoka upande wa pili.

"Sema. Aliye juu ni mtu mzima, ameshasikia mengi."

"Nilimwita punda, Pijo."

"Vizuri." Bi Loisi akafunga leso yake fundo la kiume, lile la kwenda kulima. "Sasa nisikilize, Zadock Komora."

Jina lilipotoka, wote wawili walishtuka. Alikuwa hajawahi kulitamka tangu harusi. Lilikuwa na ladha ngeni mdomoni, kama kulamba spana.

"Mama mkwe wako ameshuka. Ameenda Minjila na Teresia. Humu ndani yumo Jatani, amelewa usingizi, na chupa imebaki vidole viwili. Ukinisemesha kama mama, mguu wangu unakukimbia. Nisemeshe kama Jatani."

"Mama, siwezi. Nitalaaniwa."

"Mwenye kulaani ni mimi, na mimi sipo. Tamar yuko majini. Anza!"

Akakanyaga. Kisha akauinua mguu, akangoja amri.

"Kanyaga," ikasema sauti, dhaifu.

"Sikusikia! Nimelala!"

"Kanyaga!"

"Nani huyo, mtoto wa kuku?"

"Kanyaga, Jatani! Kanyaga, punda wewe!"

Akakanyaga. Na mguu, ambao haukumjua mtu anayesema na mwanamke hivyo, haukujua la kufanya ila kubaki pale pale.

"Shikilia! Shikilia hapo! Usiachie... usiachie, nimesema... Achia! Kanyaga tena! Una miguu au una tambi? Shikilia!"

Chini mafuta yalitema, ptu, ptu, yakitoa mapovu. Zadock alizidi kupata moto. Alizungukia upande wa pili akitambaa kwa mgongo, na kule alikuwa ameshasahau dunia. Yalitoka yote, ya asubuhi na ya miaka. Mvua, kazi ya Bura, adabu yenyewe. "Kanyaga, gunia la pumba! Mkeo alikukimbia kwa uvivu, akaenda kuolewa na kinyozi! Shikilia! Ukiachia nakutupa kwa mamba na mamba watakutema! Achia! Umelala tena? Kanyaga!" Bi Loisi alikuwa ameuma ncha ya leso, machozi yanamtiririka, mwili mzima unatikisika kwa kicheko, isipokuwa mguu. Mguu ulitulia kama nguzo ya kanisa.

Na taratibu pedali ikaanza kumjibu. Ikapanda. Ikawa ngumu. Mwishowe alikanyaga akaona amekanyaga jiwe.

"Imekaza," akasema. "Zadock, imekaza!"

Ngoja sasa uone aibu. Mtu aliyekuwa akinguruma alikumbuka yuko wapi na amemwita nani gunia la pumba. Miguu ile ya grisi ikajivuta polepole chini ya gari, mpaka kukabaki vidole.

"Pijo," ikanong'ona, "mwambie mama..."

"Mama hayupo. Akirudi nitamsalimia. Lete magurudumu."

Akashuka, akaenda kusimama mwisho wa ua akimpa mgongo, akautazama mto kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa kuutazama, hadi aliposikia shati linavaliwa na jeki inashushwa. Zikabaki nati tatu. Alizisikia zikiingia koponi, tiling, tiling, tiling. Hakuuliza ni za wapi.

Alipanda nyuma kabisa, safu ya tatu, mbali na dereva kuliko mtu anavyoweza kuwa mbali na bado awe kwenye gari moja. Wafaransa wale, nadhani, walikuwa na mama wakwe. Zadock akapanda bila kugeuza shingo, akakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, wakaondoka.

Njiani maji yalikuwa yamekata barabara mahali kadhaa, si mengi, lakini magurudumu yalilima na matope yakapiga madirisha. Breki za nyuma za Pijo ni za ngoma, na ngoma ikiingia maji hupoteza sauti. Zadock alijua. Alipaswa kuzikanyaga kidogo kidogo zikauke. Lakini alikuwa anaendesha amekaza mabega, masikio yamewaka, anafikiria gunia la pumba, na kila akikumbuka alikaza mwendo.

Bi Loisi hakuwa na pa kukaa hata kwenye kiti. Alihama dirisha la kushoto, akahamia la kulia. Alihesabu minazi iliyosimama majini kama wanawake waliopandisha nguo. Walipopanda tuta akasogea mbele hadi akashika kiti cha safu ya pili, akatazama katikati ya mabega ya mkwe wake, akitafuta kitu kimoja tu duniani.

Alikiona kabla ya dereva. Mbele, pale tuta linaposhuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaanza, palikuwa na kinundu. Kilivaa leso ya rangi ya udongo. Kilikaa katikati ya njia, kimewapa mgongo.

"Kanyaga!" akapiga kelele. "Zadock, kanyaga!"

Zadock akakanyaga. Gari likapuuza. Likateleza, likaenda zake kwa raha, kama siku ya muuza mkaa.

"Tena! Kanyaga tena! Tena! Sasa shikilia! Shikilia hapo, usiachie!"

Ngoma zikalia, zikashika. Pijo ikainamisha pua, ikaburuta matope, ikasimama. Injini ikazima. Vyura peke yao walikuwa wakisema.

Tamar alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa, akaigusa bampa. Ilikuwa karibu kuliko alivyodhani. Akaipapasa hadi kwenye taa.

"Loisi," akasema, "hii ni gari au umenijia na jeneza?"

Bi Loisi alikuwa ameshashuka, maji yanamlamba visigino. Akamshika dada yake mkono kwa mikono yote miwili, akaubana.

"Umechelewa," akasema Tamar.

"Tulikuwa tunatoa upepo."

"Wa nani?"

"Twende, dada. Inuka."

"Na kinu changu."

Kinu kikapakiwa, Zadock amekiinua huku akitazama mbinguni, maana sasa alikuwa na mama wakwe wawili na hakubaki na upande wa kutazama. Wale dada wawili wakakaa safu ya tatu, kinu katikati ya magoti yao. Injini ikawaka. Gari halikwenda.

Bi Loisi akaelewa mara moja. Tuta ni jembamba. Hakuna pa kugeuzia. Lazima Pijo irudi kinyumenyume njia yote ile hadi mwinuko, na dereva anayerudi nyuma hugeuza shingo, na akigeuza shingo pale nyuma kuna nini? Nyuso mbili za mama wakwe, zimekijaza kioo. Zadock alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, majini. Maji yalikuwa yameanza kugusa gurudumu la mbele.

"Pijo," akaanza kwa sauti ya kufa, "mwambie mama..."

"Tazama mbele tu," akasema Bi Loisi. Akapiga magoti juu ya kiti, akawapa wote mgongo, akabandika uso kwenye kioo cha nyuma. Akafunga leso fundo lile la kiume. Akagonga bodi ya gari kwa kiganja, ba ba, kama alivyowaona vijana wa malori miaka yote.

"Njoo! Njoo, njoo, njoo. Kata kulia kidogo. Nimesema kidogo, si kuuza nyumba! Nyoosha. Njoo."

Gari likaanza kurudi, likilia. Maji nayo yakafuata, bila haraka.

Tamar aliinamisha kichwa, akisikiliza. "Loisi. Tangu lini mkwe akaamrishwa?"

"Mkwe hayumo. Huyo ni dereva."

"Na wewe?"

"Mimi ni tanboi. Kata kushoto! Kushoto ya kwako, si ya Mfaransa!"

Tamar akawaza, mkono wake juu ya kinu. "Basi mimi ni abiria," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea mbele: "Dereva, kiti chako kinanuka samaki!"

Mabega ya Zadock yakatikisika. Haikujulikana kama ni kilio au ni nini. Udongo wa ukingo ukamegeka chini ya gurudumu la kushoto, ukadondoka majini kwa kishindo.

"Kanyaga!" Bi Loisi akapiga bodi. "Shikilia hapo! Usiachie!"

Pijo ikasimama ikiwa imeinama. Breki zikashika.

"Nimeshikilia, Jatani," akajibu mkwe wake, akitazama mbele. "Hebu sema twende wapi."